Kiraka Kisichojulikana: Vidokezo 11 vya Kupatia Rangi ya Gari Lako Ukiwa Nyumbani

Bajaji imekuparuza hapa Kigoma, pale Mwanga, na dereva wake ameshapotelea vichochoroni. Au upepo wa ziwani umeusukuma mlango ukagonga nguzo ya geti. Au ni kokoto tu za safarini, zimeiacha boneti ina vidoadoa kama mtoto aliyeugua tetekuwanga. Ukanunua kikopo kilichoandikwa "nyeupe", ukapaka kwa bidii zote, ukarudi nyuma hatua tatu utazame kazi yako. Loo! Mlango sasa una nyeupe mbili zisizosalimiana.

Usikate tamaa. Kazi hii inawezekana hapohapo uani kwako, uwe Gungu, Katubuka au Ujiji. Shika jambo moja tu: rangi unayoitafuta si ile ambayo gari lako lilitoka nayo kiwandani Japani. Ni ile liliyonayo leo, baada ya kupigwa jua la huku mwisho wa reli, kufunikwa vumbi jekundu na kuoshwa kwa sabuni ya unga mara zisizo na idadi. Tukielewana hapo, yanayobaki ni ujanja mdogo mdogo. Haya, kunja mikono ya shati.

1. Achana na kadi, tafuta kibao

Kadi ya gari itakwambia "nyeupe" au "fedha", basi, imemaliza. Mchanganya rangi hawezi kufanya lolote na neno hilo. Anachotaka ni msimbo, nao umeandikwa kwenye kibao cha chuma au stika ndani ya gari lenyewe. Kwa Toyota, fungua boneti utazame ukuta wa nyuma ya injini, au fungua mlango wa dereva utazame nguzo yake. Tafuta neno COLOR au herufi C/TR. Alama tatu za mwanzo ndizo rangi. Zinazofuata ni za viti na vitambaa vya ndani, ziache zilivyo.

040 ni Super White II, nyeupe ya kawaida. 202 ni nyeusi tupu. 1F7 ni fedha. 070 ni nyeupe ya lulu, na huyo tutamsema peke yake huko mbele, maana ana visa vyake. Nissan nao huweka kibao nyuma ya injini, na KH3 kwao ni nyeusi. Honda hubandika stika kwenye nguzo ya mlango. Msimbo ukianza na NH, ujue uko kwenye ukoo wa nyeupe, nyeusi, kijivu na fedha. Kibao kimejaa grisi? Kifute kwa kitambaa, usikiguse kwa msasa. Kisha kipige picha leo hii, kabla hujasahau.

2. Chunguza kama kuna aliyekutangulia

Magari yetu mengi yamefika yakiwa yametumika, na mengine yalinyooshwa bodi na kupakwa upya kabla hata hayajapanda meli. Kama aliyekuagizia alikukabidhi karatasi ya mnada wa Japani, ifukue kabatini. Ina mchoro wa gari wenye herufi: W pamoja na namba, kwa mfano W2, ni sehemu iliyowahi kutengenezwa, na XX ni iliyobadilishwa kabisa. Kwenye sehemu za namna hiyo msimbo wa kibao unaweza kukudanganya mchana kweupe.

Huna karatasi? Macho yanatosha. Tazama mipira ya milango na vioo. Rangi iliyovuka ikaingia kwenye mpira haikuwekwa na kiwanda. Tazama bolti za fenda. Zikiwa zimechunika vichwa, kuna spana ilipita hapo.

Na hata gari lisiloguswa na mtu lina mtego wake. Msimbo mmoja hupakwa kwenye viwanda tofauti na kwa miaka mingi, kwa hiyo watengenezaji wa rangi za kurudishia huwa na matoleo kadhaa ya msimbo huohuo: moja limeelekea njano kidogo, jingine limeelekea bluu. Mwenye mashine ya kuchanganya akikuuliza unataka toleo gani, usimkasirikie. Huyo anajua kazi.

3. Osha, halafu osha tena

Pitisha kidole kwenye boneti kavu. Kikitoka na unga mweupe au wa rangi ya gari, hiyo ni rangi iliyochoka kwa jua. Ukilinganisha kopo lako na unga huo, umelinganisha na uchafu, na siku utakayopiga polishi kiraka kitajianika chenyewe mbele ya majirani.

Halafu kuna yetu ya Kigoma. Gari lililowahi kubeba madumu ya mawese au magunia ya dagaa lina mafuta mahali usipopafikiria. Rangi mpya ikikutana na mafuta haishiki. Inakimbia na kuacha vishimo vya duara. Dawa za kung'arisha dashibodi zenye silikoni nazo hufanya ushenzi huohuo. Kwa hiyo: maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, suuza, kausha, kisha pangusa kwa kitambaa safi chenye spiriti kidogo. Baada ya hapo sugua kwa kompaundi, ile dawa ya kuondolea rangi iliyochoka, eneo la ukubwa wa kiganja, pembeni mwa jeraha. Rangi itakayojitokeza hapo ndiyo rangi ya gari lako. Wengi hushangaa kukuta gari lao lina mwanga kuliko walivyodhani.

4. Safirisha kifuniko, si picha

Ukiona mtu anatuma picha ya mlango kwa WhatsApp ili achanganyiwe rangi, mhurumie. Kamera ya simu hujirekebishia mwanga yenyewe. Nyeupe moja ukiipiga asubuhi na jioni inakupa majibu mawili. Picha inayofaa kutumwa ni ile ya kibao, yenye msimbo.

Sampuli nzuri kuliko zote unaipita kila unapojaza mafuta: kile kifuniko cha nje cha tenki. Kwenye magari mengi hutoka kwa skrubu mbili au kwa kuchomolewa kwenye bawaba. Kipeleke kwa mchanganya rangi, au mkabidhi ndugu anayepanda treni kwenda Dar es Salaam apitie maduka ya Gerezani. Kisugue kidogo kwa kompaundi kwanza, maana nacho kimeota vumbi. Ila kama unapaka boneti au paa, kumbuka kwamba hizo ndizo zinazokula jua la utosini, na huku nyuzi 5 tu kusini mwa Ikweta jua halina huruma. Huenda zimechuja zaidi ya kifuniko kilichokaa ubavuni. Mwambie hivyo mchanganyaji.

5. Rangi iko njiani? Fanya walivyofanya mafundi wa Liemba

Kutoka Dar hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200 za reli, na kutu haisubiri treni. Mkwaruzo uliofika kwenye chuma unaweza kuanza kubadilika rangi mapema kabisa msimu wa mvua.

Hapa historia ya bandari yetu inatusaidia. Wajerumani walipoizamisha meli yao Graf von Götzen mwaka 1916 ili isiangukie mikononi mwa adui, mafundi walizipaka mashine zake grisi nzito kwanza. Meli ilikaa chini ya maji, ikaopolewa mwaka 1924, mashine zikakutwa bado zinafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba. Kama grisi ilihimili miaka hiyo yote ziwani, mlango wako utavumilia wiki moja uani. Paka grisi kidogo sana, juu ya chuma kilicho wazi tu. Ukiwa na praima, hiyo ni bora zaidi. Siku rangi ikifika, ondoa grisi yote, rudi kidokezo namba 3, na kutu yoyote iliyojitokeza ikwangue mpaka chuma king'ae.

Kitu kingine: mwambie wazi anayekusafirishia kwamba mzigo ni rangi. Rangi na thina hushika moto kwa urahisi, si vya kufichwa chini ya kiti cha basi.

6. Toka chini ya mwembe

Mapokeo yanasema Stanley alimkuta Livingstone chini ya mwembe pale Ujiji mwaka 1871. Kumtambua mzee wa Kiskoti pale haikuwa kazi kubwa. Kutofautisha nyeupe na nyeupe nyingine chini ya mwembe ndiyo kazi! Majani huchuja mwanga na kuupaka kijani, nawe unarudi dukani kulalamika kwamba rangi imeelekea kijani wakati kosa ni la mti. Ukuta uliopakwa bluu jirani na gari hufanya vilevile, hata fulana yako nyekundu ukiinama karibu.

Jioni ndiyo hatari kuliko zote. Jua likishuka upande wa milima ya Kongo, ziwa zima linawaka dhahabu, kila mtu anapendeza, na kila nyeupe inafanana na nyenzake. Usifanye uamuzi saa hiyo. Linganisha kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, nje, mahali pa wazi. Kisha rudia kivulini kwenye ukuta usio na rangi kali, na mara ya tatu chini ya taa ya nyumbani. Zipo rangi mbili zinazofanana juani na kukanana taani, kwa sababu zimechanganywa kwa viungo tofauti. Ukikosa inayopatana kote, chagua inayopatana juani, maana gari linaonekana zaidi mchana.

Na mwite mama watoto atazame. Si utani: wanaume wanaozaliwa na shida ya kutofautisha baadhi ya rangi ni wengi kuliko wanawake, na wengi wao hawajijui.

7. Kopo la soda lenye dirisha

Hiki ukikishika, umeshinda nusu ya vita. Rangi mbichi haifanani na rangi kavu. Rangi ya kawaida inayong'aa yenyewe huwa na tabia ya kukolea ikikauka. Rangi inayohitaji klia juu yake, yaani koti la mwisho lisilo na rangi, hukauka ikiwa butu na iliyopauka, kisha klia huizamisha ikakolea. Ukihukumu kopo kwa kutazama ndani ya kopo, umeonea.

Fungua kopo la soda la bati, likate, lilaze, likwangue kwa msasa laini. Lipake praima ileile utakayoitumia kwenye gari, maana nyeupe juu ya kijivu huonekana chafu. Chora mstari mweusi kwa penseli katikati. Sasa paka rangi koti moja jembamba, acha likauke, la pili, la tatu, mpaka mstari upotee kabisa. Idadi hiyo ya makoti ndiyo idadi ya kupaka kwenye gari. Pungufu ya hapo rangi ya chini itachungulia. Malizia kwa klia kama rangi yako inaihitaji.

Ikikauka kabisa, toboa dirisha dogo katikati ya bati na ulilaze juu ya gari pembeni mwa mkwaruzo. Tazama rangi ya gari kupitia dirishani na rangi yako kuzunguka. Ukilazimika kukaza macho kutafuta ukingo, pongezi, umepata! Ukiona ukingo mara moja, twende namba 8.

8. Tone kwa tone, na andika

Nunua bomba la sindano duka la dawa, sindano itupe salama, bomba libaki. Hilo ndilo kipimo chako. Chota rangi kidogo kwenye kifuniko cha chupa, usichezee kopo zima. Ongeza rangi kali ndani ya nyepesi, kamwe usigeuze. Tone moja la nyeusi hubadilisha kifuniko kizima cha nyeupe, ila kuirudisha nyeusi iwe nyeupe utamaliza duka.

Nyeupe iliyozeeka mara nyingi imeelekea manjano na kupoteza ukali. Jaribu tone dogo la njano iliyofifia, ile ya rangi ya udongo, koroga, pima kwenye bati jipya, acha ikauke, tazama. Bado kali? Ncha ya kijiti iliyochovywa kwenye nyeusi, si tone zima. Kila hatua iandike: rangi kiasi gani, matone mangapi. Ukichoka, acha. Macho yakitazama nyeupe muda mrefu huacha kuona tofauti, kwa hiyo nenda kanywe chai urudi.

Sharti moja tu: viungo vyote viwe vya aina moja ya rangi za magari. Rangi ya mafuta iliyobaki ulipopaka mlango wa nyumba au boti pale Kibirizi ibaki huko huko. Thina ya magari ikiifikia, hujikunja na kuinuka, na hapo utaanza upya kwa msasa.

9. Ijue tabia ya rangi yako

Nyeupe ya kawaida na nyeusi tupu ni watoto wapole. Hizo jaribu bila woga.

Fedha ni mjeuri. Ndani yake mna vichenga vidogo vya alumini, na rangi unayoiona inategemea vichenga hivyo vimelala vipi. Ukipaka kwa brashi husimama ovyo, kiraka kinaonekana cheusi ukitazama kutoka mbele. Ukipuliza karibu na kwa wingi, fedha inakolea. Ukirudi nyuma na kupuliza kwa ukungu mwepesi, inang'aa zaidi. Maana yake una kirekebishi mkononi hata bila kuchanganya kitu. Tikisa kopo la kupuliza dakika mbili nzima baada ya kusikia gololi inacheza, maana vichenga hutuama chini. Na lishike bati la majaribio vile mlango ulivyo, limesimama wima, si limelala.

Nyeupe ya lulu, yule 070 tuliyeahidi kumsema, hupakwa kwa hatua tatu: nyeupe ya chini, ukungu wa lulu, kisha klia. Koti moja la lulu likizidi, rangi imeshahama. Kwa doa la kokoto weka nyeupe ya chini na klia, uishie hapo, maana hakuna atakayeinama kukagua. Kwa mlango mzima, mpe fundi rangi, na umdai akuonyeshe bati la majaribio kwanza. Sasa unajua la kuuliza.

10. Kijiti cha meno na tepu iliyokunjwa

Brashi iliyokuja na kichupa ni nene mno. Kwa doa la kokoto tumia kijiti cha meno: tone dogo katikati ya shimo, liache lisambae lenyewe, likikauka ongeza jingine mpaka lizidi usawa wa bodi kidogo sana. Subiri siku kadhaa, kisha sawazisha kwa msasa wa maji namba 2000 na maji ya sabuni, umalizie kwa kompaundi. Kiraka kidogo husamehewa hata kikikosea rangi kidogo, kikubwa hakisamehewi.

Kwa kupuliza, usimalizie rangi katikati ya uwanda wa mlango. Ishie kwenye mkunjo wa bodi au ukingo wa mlango, mahali ambapo mwanga unavunjika na jicho linategemea mabadiliko. Tepu ya karatasi usiibandike bapa; ikunje irudi nyuma, ukingo wake uinuke kidogo, ili rangi ifie taratibu badala ya kuacha mstari.

11. Chagua saa, kisha hifadhi

Subiri umande ukauke, maliza kabla upepo wa mchana haujaamka na kuinua vumbi. Unyevu ukizidi, rangi hukauka na ukungu mweupe juu yake, hivyo siku inayonusa mvua iache ipite. Mwaga maji chini kuzunguka gari vumbi litulie. Watoto, sigara na jiko la mkaa viwe mbali. Rangi inayochanganywa na hadina, ile dawa ya kuigandisha, haitaki mchezo: mvuke wake unaweza kukuachia pumu, na barakoa ya kitambaa haiuzuii. Hiyo mwachie mwenye vifaa.

Rangi iliyobaki imimine kwenye kichupa kidogo cha kioo kinachojaa hadi juu, hewa isibaki, ufunge kabisa. Bandika karatasi: msimbo, matone uliyoongeza, mwezi na mwaka, na namba ya gari. Namba hasa usiisahau, maana shemeji mwenye Noah nyeupe akisikia una kichupa, ataondoka nacho kabla ya Ijumaa.